Usiniambie "Moto". Niambie Umeona Nini

Acha nianze na wewe. Ndio, wewe uliyeweka emoji tatu za moto kwa picha yangu ya juzi, ile ya lori la mawe likitoka kwari. Uliiangalia kwa muda gani? Usinidanganye, juu mimi pia hufanya hivyo. Unasukuma skrini, jina la msee wa mtaa linatokea, kidole kinabonyeza mara tatu, unasonga mbele. Hata hukuona dereva amekatwa kichwa na ukingo wa picha. Mimi nimeona sai, siku tatu baadaye, na imeniuma.

Najua kuna wenye watasema nina madharau, ati watu wananipenda na mimi nalalamika. Sawa. Lakini nasema bila kupepesa macho: hizo "moto", "kali sana", "umeua bro", ndizo zilifanya niharibu harusi ya mtu.

Ilikuwa Jumamosi, huko Ruai. Bibi harusi ni binamu ya rafiki yangu na alikuwa ananifuata Instagram kitambo. Hakuuliza maswali mengi. Aliona picha zangu, akaona watu wamejaa hapo chini wakisema moto, akaamua huyu kijana anajua kazi. Tukakubaliana elfu nane, nusu mbele, nusu nikileta picha. Kwangu hiyo ilikuwa pesa ya kumalizia deni la kamera, Canon ya sekenhandi niliyokuwa nalipa mdogo mdogo.

Saa saba mchana. Kama unaishi Nairobi unajua jua la saa saba. Tuko karibu sana na ikweta, kwa hivyo linakusimamia juu ya kichwa na kivuli kinaanguka ndani ya macho. Kila mtu anakaa kama hajalala siku mbili. Ongeza hema nyeupe. Ongeza gauni jeupe. Ongeza ngozi yetu sisi.

Sasa kamera haijui kama ni harusi. Inapima mwanga wa kila kitu kilicho mbele yake na kujaribu kuufikisha katikati, kwa kijivu cha wastani. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Gauni linatoka safi, unaweza kuhesabu ushanga wote. Uso unatoka giza. Dawa yake wala si ngumu: unapima mwanga kwa uso badala ya kwa gauni, ama unaongeza mwanga na kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, ama unamsogeza bibi harusi chini ya mti. Kazi ya sekunde kumi. Mimi sikujua. Nilirudi Njiru, nikafungua laptopu, nikavuta zile nyuso kwa nguvu mpaka ngozi ikawa kijivu kama majivu ya jiko, kisha nikaweka filta ya rangi ya machungwa kuficha kijivu. Nikaona nimeua. Nikatuma.

Jibu lilikuja usiku kwa WhatsApp, na bado nimeliweka. "Mbona mimi na mathe hatuonekani? Kwani ni gauni iliolewa?"

Sikulala. Kwanza nilikasirika, nikasema huyu hajui sanaa. Halafu nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufanya: nikarudi nyuma kwa ukurasa wangu, posti moja baada ya nyingine, karibu miaka miwili. Boda boda pale steji, uso giza. Mtoto na mpira, uso giza, mawingu yametoka vizuri sana. Mamangu mwenyewe siku yake ya kuzaliwa, amesimama mbele ya dirisha na keki, keki inaonekana, yeye haonekani. Na chini ya hiyo picha watu arobaini na kitu wamesema moto. Kosa lilelile miaka miwili, mchana kweupe, na hakuna mtu hata mmoja alisema. Ama waliona wakanyamaza, na sijui gani mbaya zaidi kati ya hizo mbili.

Shuleni tulikaririshwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, tukaandika insha, tukapata alama, tukaenda zetu. Hakuna mwalimu alituambia watu wanaomsifu mgema ndio wanakunywa hayo maji. Bibi harusi ndiye alikunywa. Nilimrudishia nusu ya pesa. Siku yenyewe sikuweza kumrudishia.

Na kabla useme ni kitu kidogo, hii mambo ya uso kuwa giza haikuanza na mimi. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Ziliitwa kadi za Shirley, zilitoka Kodak. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, basi mashine iko sawa; sisi wengine tutoke vile tutatoka. Na unajua ni nani wanasifika kwa kulalamika hadi filamu ikabadilishwa? Watengenezaji wa fanicha na wa chokoleti. Wa mbao walisema mbao tofauti zinatoka zikifanana. Wa chokoleti walitaka nyeusi na ile ya maziwa zionekane tofauti. Kodak wakaanza kurekebisha filamu ipate kuonyesha kahawia vizuri. Yaani chokoleti ilihudumiwa kabla ya shosho yangu! Baadaye sana, 2021, Google walipotoa simu ya Pixel 6, walikuwa wameita wapiga picha waliozoea kupiga ngozi nyeusi waikosoe kamera kabla haijatoka, ndio wakapata ile kitu wanaita Real Tone.

Hebu fikiria hao watengenezaji wa chokoleti wangetuma emoji ya moto.

Sasa usidhani niko upande wa wale wengine. Baada ya kuchomeka na harusi niliingia grupu ya wapiga picha, kubwa, watu wa kila pembe ya Nairobi. Nikaweka picha moja nikauliza kwa heshima, wakubwa, nimekosea wapi? Wa kwanza: "Takataka." Wa pili: "Uza kamera ununue mkokoteni." Wa tatu akaniambia ninunue lenzi yenye bei yake ni kodi yetu ya mwaka na nusu. Mwingine akaweka picha yake mwenyewe, bila kuulizwa, ndio nione venye kazi hufanywa. Kicheko kingi. Mtu wa uso giza, hakuna. Hakuna mmoja kati yao aliandika yale maneno mafupi, "pima mwanga kwa uso". Kwa hivyo hao wa takataka na wale wa moto ni ndugu wa tumbo moja. Wote hawakuangalia. Mmoja anataka upende yeye, mwingine anataka uogope yeye.

Mwenye aliangalia ni mzee mmoja wa studio huko Kayole, zile studio zenye ukuta mmoja ni maporomoko ya maji na mwingine ni ndege ya uongo. Nilikuwa nimeenda kuprinti kitu kingine kabisa. Akaniuliza hizo zingine ni za nani, nikamwonyesha kwa simu. Nilitegemea anisifu, maskini mimi. Alichukua simu, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akakaa kimya muda mrefu hadi nikaanza kutoa jasho. Kisha akaweka kidole gumba juu ya upande wa kushoto wa picha.

"Kijana, nikifunika hapa, umepoteza nini?"

Nikaangalia. Hakuna kitu. Ni ukuta na nusu ya pikipiki.

"Basi ulikuwa unanipa nini hapa?"

Akasogeza kidole hadi kwa uso. "Na nikifunika hapa?" Nikasema, mzee, hapo nimepoteza picha yote. Akasema sawa, na hapo ndipo umeweka giza. Akanirudishia simu, akaendelea kukata pasipoti za watu. Hakuniambia niache, hakuniambia ninunue kitu. Nimejifunza zaidi na hicho kidole gumba kuliko video zote za YouTube, na sai kila picha kabla niitoe huwa naifunika kipande kipande hapo kwa skrini. Bundle za bure hizo, jaribu leo.

Ona alichofanya. Hakutoa maoni hata moja kuhusu mimi. Aliongea kuhusu hiyo picha, mahali fulani kwa hiyo picha, akaniacha mimi mwenyewe nijibu. Inachukua muda, najua. Lakini kama huna hata dakika moja ya kuangalia, si ni afadhali upite tu? Kimya hakimdanganyi mtu.

Kuna msee ashaandika kwa inboksi yangu, kabla hata nimalize hii vita, ati "utavunja wanaoanza moyo". Nimefikiria hiyo sana juu si upuzi. Kama mtu amepata simu yenye kamera poa wiki jana na anapiga maua ya jirani, mwache afurahie, hakuna mtu alikuomba uende kumhukumu. Na mimi si adui wa sifa. Sifa inaweza kufanya kazi. Siku moja dada mmoja aliniandikia, "huyo mtoto ananiangalia mimi, si wewe." Ni sifa, na ndani yake nilipata somo: nilikuwa nimepiga magoti, macho yangu na ya mtoto yakawa sawa. Sikuwa nimejua ni hiyo ilifanya kazi. Sasa najua, na huwa napiga magoti hadi suruali zangu zote zimechanika. Kusifu hivyo ni kazi ngumu kuliko kutukana.

Chenye huvunja moyo ni siku klayenti anakuambia gauni ndio iliolewa. Afadhali rafiki anivunje kidogo leo, hapa nyumbani.

Lakini nikiwa mkweli, sehemu kubwa ya kesi hii ni yetu sisi tunaopiga. Tunasema tunataka maoni na tunataka makofi. Nilikuwa na kinga yangu, na nina uhakika na wewe unayo: "ni staili yangu." Picha imepinda? Staili. Fokasi imeshika sikio badala ya jicho? Staili. Rangi imekuwa ya machungwa hadi mbwa wanaogopa? Staili, bro, huelewi. Staili ni kitu unaweza kukifanya ama usikifanye ukitaka. Kama huwezi kupiga bila hiyo kosa, hiyo ni kosa.

Na mimi nilifanya mbaya zaidi. Kulikuwa na msichana wa Saika, simjui ana kwa ana, aliandika chini ya picha yangu ya machweo pale kwari: "Iko poa, lakini ardhi imelalia kushoto, maji kwa shimo yanakaa kama yatamwagika." Maneno ya kweli kabisa. Na alikuwa na adabu. Nilimbloku. Halafu mbogi yangu ikamwendea huko kwake kumtusi, na nilikaa hapo nikicheka. Baada ya harusi nilimfungulia, nikamwandikia samahani ndefu. Ameisoma. Hajajibu, na ni haki yake.

Nikiongea juu ya wasichana, wacha nitoe hii pia. Nina rafiki wa Komarock anapiga matatu, zile nganya za rangi, usiku, taa zikiwaka, na ananishinda mbali, sioni haya kusema. Nenda usome chenye watu humwandikia. "Mpiga picha ndio mrembo." "Mbona usijipige wewe?" Amepambana na mwanga wa taa za buluu, amesimama katikati ya barabara na kondakta anamfokea, na hakuna mtu anaongea juu ya hiyo picha. Mimi nalia ati sipewi maoni ya maana. Yeye hapewi maoni kabisa.

Sasa nifike kwa kitu kilichonifanya niandike hii leo.

Sisi wote tunabishana wapiga picha hivi, watazamaji vile. Lakini kuna mtu mmoja hatumuulizi kamwe: yule aliye ndani ya picha. Kila Jumapili ukienda tauni utaona vijana wa kamera wamejipanga kila kona, na huku Njiru tuko pale steji, Kangundo Road, vumbi limepigwa na jua la saa kumi na mbili jioni, tunapiga watu wakishuka matatu. Tunaita "street". Mtu amechoka, ametoka kazi, amebeba kilo mbili za unga, tunamgeuza kuwa sanaa, tunaandika "mapambano ya mtaa", tunakula moto zetu. Yeye hajui hata yuko kwa intaneti.

Brian Otieno, msee wa Kibera, alianza Kibera Stories mwaka wa 2013 juu alikuwa amechoka na venye watu wa nje walikuwa wanaonyesha kwao, shida tu na mitaro. Akapiga Kibera yenye alikuwa anaijua. Hiyo pia ni kukosoa picha. Alikosoa kwa kamera. Na ni kwa nini alijua kilichokosewa? Juu hizo picha zilikuwa zinamhusu.

Na kama hiyo haikushtui, kuna sheria. Ya ulinzi wa data, ya 2019. Picha ya uso wako ni data yako. Septemba 2023 Kamishna wa Data alipiga shule moja hapa Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja. Nimetaja hesabu ndio ujue kuwa "mbona umenipiga?" ni maoni kuhusu picha, na pengine ndio ghali kuliko yote.

Mimi nilijua haya kupitia mathe mmoja anauza mboga karibu na steji yetu. Nilimpiga Agosti, bila kumwambia. Ameinama, mkono shavuni, nyuma kuna moshi wa lori. Nyeusi na nyeupe, bila shaka, juu tulikubaliana maskini hawana rangi. Ilipata laiki kuliko picha yangu yoyote. Mtu aliandika "uchungu umeonekana". Wiki mbili baadaye naenda kununua sukuma, ananiangalia vibaya, ananiambia binti yake alimwonyesha.

"Kijana yangu, nimefiwa na nani?"

Nikasema hakuna mtu, mathe.

"Basi mbona umenipiga kama mtu wa matanga? Hiyo siku nilikuwa nahesabu chenji. Ilikuwa siku nzuri, nilikuwa nimemaliza nyanya saa nane."

Jameni. Mamia ya watu waliona uchungu kwa mama aliyekuwa anahesabu faida. Na mimi ndiye niliwaambia waone hivyo, na wakatii, na wakaniwekea moto. Si wao wala mimi tulikuwa tumemwona huyo mama. Nilifuta ile picha hapo hapo mbele yake. Nikaomba nirudi siku angependa yeye, akasema Jumamosi, asubuhi, kabla jua lipande, na nisimshtukize.

Alikuja na leso mpya. Alisimama, hakukubali kukaa, akaweka mkono juu ya meza kama mwenye duka, juu ni mwenye duka. Nilipima mwanga kwa uso. Nilipiga magoti. Nilimwonyesha kwa kamera kila picha, akawa anakataa: hapa nimefunga macho, hapa tumbo, hii hapana, hii hapana, hii weka. Kumi na nne alikataa. Sijawahi kuwa na mhariri mkali hivyo. Ile moja nilienda kuiprinti Kayole, kwa yule yule mzee, akaweka kidole gumba kila pembe, akaguna, akaprinti.

Nilimpelekea jana. Aliifuta vumbi ambalo halikuwepo, akaiangalia, akamwita wa viazi aje aone. Ameifunga kwa plastiki na kuipigilia misumari hapo juu ya meza, utaiona ukipita.

"Sasa hii ndio mimi," akasema. Halafu akasonga karibu, akaikazia macho. "Lakini nyanya zangu mbona umezikata?"

Ni kweli. Nimezikata katikati, upande wa kulia. Narudi Jumamosi.